Mama Kimya na Chura Aliyeanguka Vizuri Mno

Ofisi hii ya kutengeneza michezo ya kompyuta ya kuwafundisha watoto kusoma imesimama kwa watu wawili tu: mimi dereva, ambaye wote mnaniita Mjomba, na Mama Kimya. Mkurugenzi atanisamehe. Sasa tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Mama Kimya anastaafu, na mzigo wote unabaki mabegani mwangu.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kabla ya kuletwa kwetu, enzi zile tunakata kadi za silabi kwa mkasi. Kompyuta zilipokuja (nilizileta mimi, sitini kwa safari moja, kwenye gari la viti vitano), wengi walidhani ataomba uhamisho. Yeye alivuta kiti, akauliza zinawashiwa wapi.

Jina la Mama Kimya alilipata kwenye chumba cha majaribio. Kila mchezo mpya huchezwa humo kwanza na watoto sita wa miaka mitano, naye ndiye msimamizi. Sheria yake ni moja: mtu mzima hasemi neno wala hanyooshi kidole. Mtoto akikwama, aachwe akwame, ili tujue kama mchezo unafundisha wenyewe. Mkurugenzi aliwahi kunong'ona, "Hapo mwanangu, hapo hapo," akaonyeshwa mlango. Mhandisi wetu mrefu naye, aliyeweka kitufe juu kabisa ya skrini, alikalishwa nusu saa kwenye kiti cha chekechea. Alitoka amejikunja kama kisu cha mfukoni, na kitufe kikashuka siku hiyo hiyo.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ile ya mchezo wa chura, miaka minne iliyopita. Sauti inasema "ba", mtoto anabonyeza jani lenye "ba", chura anaruka na kupata nyota. Mtoto akikosea, chura anateleza, miguu juu, chubwi majini! Siku ya majaribio watoto walicheka mpaka mmoja akadondoka kitini. Hawakutaka kwenda nyumbani. Mkurugenzi akafurahi, akatangaza kuwa mchezo unakwenda shuleni Jumatatu. Shule mia mbili zinausubiri. Ilibaki saini ya Mama Kimya tu.

Kesho yake asubuhi akakataa. Alisema watoto wanakosea makusudi wamwone chura akitumbukia, na tukiupeleka hivyo watamaliza muhula wamecheka sana na hawajui kusoma hata majina yao. Mkurugenzi akapandwa na hasira: "Mama, hao wanakosea kwa sababu hawajajua! Weka saini, au nitafute mwingine wa kuiweka." Sote tukaangalia meza. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule ule.

Mama Kimya akafungua kumbukumbu za kompyuta namba sita. Jana yake mchana, watoto wakiwa wameshaondoka, mtu mzima wa ofisi hii, anayesoma gazeti kila asubuhi, alicheza peke yake na kukosea mara arobaini na moja mfululizo. "Huyu chura kamshinda mtu na ndevu zake," akasema. "Mtoto wa miaka mitano atamweza?" Akaulizwa ni nani huyo. Akaifunga kompyuta.

Chura akafanyiwa matengenezo wiki mbili. Sasa anatumbukia mtoto akipatia; akikosea, anakaa tu kwenye jani anapepesa macho. Nimeupeleka mwenyewe mchezo huo shuleni, na nimeona watoto wakisukumana wapate zamu ya kusoma. Mkurugenzi aliomba radhi mbele yetu sote, na mkataba ukaongezwa.

Mama Kimya, asante kwa watoto wote hao, na asante kwa kutuvumilia sisi wakubwa. Nenda ukapumzike, uwe na afya tele, na wajukuu wakusomee wewe sasa. Maisha mema na marefu, mama yetu.

Na kwa kuwa miaka minne yote hukunitaja, basi wacha nijitaje. Yule wa kompyuta namba sita ni mimi. Mara arobaini nilikosea makusudi. Ile moja iliyobaki, kusema kweli, nilidhani nimepatia.