Mdomo Wangu wa Plasta

Akina mama wenzangu wa Hasamba, mmeniambia nisimame niseme. Shule niliishia darasa la pili, basi nitasema kama tunavyosema jikoni. Majina ya wote waliokuwemo katika habari hii ninayo, hata moja halijanipotea. Ila aliyeniumiza simtaji.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia vijijini, jino langu la mbele liliuma. Nikaenda gulio la Itaka kwa mng'oa meno mwenye koleo. Alivuta, likakatika, mzizi ukabaki. Akang'oa na jino langu la pembeni yake, zima! Akayatia kwenye kopo lenye meno ya watu wengine.

"Baba, nipe meno yangu."

"Ya nini, mama? Utayapanda yaote?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mnajua kwetu jino likitoka halitupwi ovyo, linarushwa juu ya paa au linafichwa, mtu mbaya asilipate. Nilirudi nyumbani nikijua yule mng'oa meno, mtu nisiyemjua, amenishika kwa meno yangu.

Ndugu zangu, nawaambia, hofu ile ilinila kuliko maumivu. Shavu likavimba, usaha ukatoka. Meno mengine yakalegea, moja baada ya jingine, nami nikasema, ndiyo hayo, ananimaliza. Miaka ikapita nikinywa uji. Kuomba kwa sauti kwenye ibada za nyumbani nikaacha. Dada yangu Tamali akaja, akanitazama nilivyokonda. "Wewe, unataka tukuzike?" Akanivuta mpaka Tunduma kwa daktari wa meno.

Daktari alinichoma sindano ya ganzi, akautoa ule mzizi na meno yaliyolegea. Nilitetemeka mpaka kiti kikalia. Akasema nirudi vidonda vikipona, nitengenezewe meno ya bandia.

Nikarudi. Wakaniingiza chumba cha fundi wa meno. Kuinua macho, juu ya rafu, mataya! Mataya ya watu, meupe, yamepangwa safu, yana meno. Na mpakani siku zile maneno ya kuuzwa viungo vya watu yalikuwa mengi. Nikasema moyoni, hapa ndipo lile kopo linapomwagwa. Nilikimbia, akina mama! Mtu mzima mwenye wajukuu, katikati ya malori na wabadilisha kwacha, na Tamali nyuma anapiga kelele, "Mkamateni dada yangu!" Watu wakadhani nimeiba.

Nikajificha nyuma ya meza ya Skola, muuza maandazi. Yule fundi, jina lake Yona, akanifuata. Hakunigusa. Akachuchumaa mbali kidogo.

"Mama, yale mataya nayatengeneza mimi kwa plasta. Njoo utengeneze la kwako. Mlango nitauacha wazi."

Nikaenda. Akanitia mdomoni kitu kama uji mzito, kikaanza kuganda. Nikajua nakufa. "Pumua kwa pua, mama. Kwa pua." Nikapumua. Akakitoa, akanipa ule unga mweupe wa plasta na maji, nikakoroga kwa mkono wangu huu. Akaumimina ndani ya ile alama ya mdomo wangu, tukangoja ukakauka. Alipoubandua, nikaona mapengo yangu. Nikaona gego langu la kushoto lililoinama, ambalo ulimi wangu unalijua. Nikalishika, nikalia.

"Yona, huyu ni mimi."

"Ndiyo. Na hao wa kwenye rafu ni wateja wangu. Wengine wako ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wanatafuna nyama."

Sitawadanganya. Meno yangu ya Itaka sijui yaliko mpaka leo, na nikiyakumbuka mwili unasisimka. Lakini meno ya bandia Yona alinitengenezea, nakula, na kuomba kwa sauti naomba.

Namshukuru Tamali aliyenivuta, Skola aliyenificha akanipa na chai, Yona aliyeacha mlango wazi, na Mungu aliyewaweka njiani kwangu. Nilichojifunza ni hiki: kinachokutisha, omba uonyeshwe kinavyotengenezwa, hata kama unatetemeka.

Yupo mmoja wetu hapa anayekunywa uji tangu mavuno. Jumatatu asubuhi nitapita kwake twende Tunduma. Akikataa, nitakaa mlangoni mpaka atoke.