Mafaili Matatu kwa Mpigo: Kumuaga Mzee Nikolausi Tluway

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Nikolausi Tluway, Mtunza Nyaraka Mwandamizi wa Kituo chetu cha Nyaraka, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Mkurugenzi ameniagiza niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, na akasisitiza uwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini yeyote aliyewahi kuomba faili kwa Mzee Tluway anajua kwamba naanza kazi hii nikiwa nimechoka tayari.

Mzee Tluway alizaliwa Endagikot mwaka 1965, katika familia ya wakulima wa mahindi na maharage. Aliajiriwa mwaka 1991 kama mhudumu wa masijala. Wakati huo mafaili ya zamani ya Mbulu na Hanang yalikuwa yamerundikwa stoo moja na magunia ya mbegu ya ngano, na wasomaji wake wakuu walikuwa panya. Aliyatoa moja moja, akayapangusa, akayaanika kivulini, akayapa namba. Ilimchukua miaka mitatu. Halafu akapelekwa Tabora kusomea utunzaji wa kumbukumbu, na wenzake wakadhani atarudi amelainika kidogo. Wapi! Alirudi na rejesta mbili zaidi na fomu mpya ya kuazima yenye vipengele kumi na vinne.

Mkusanyiko aliouhangaikia kuliko yote ni taarifa za Bwana Konseli. Kwa wageni nieleze: enzi za ukoloni konseli, yaani balozi mdogo, wa nchi moja ya Ulaya alikuwa akija huku kwetu mara mbili kwa mwaka na kukaa wiki kadhaa ili awaandikie wafanyabiashara wa kwao mambo matatu. Je, wenyeji wametulia au wana fujo? Je, biashara ya ngozi na samli inakwendaje? Je, barabara ni salama? Nakala zake zilibaki huku, na kila mwaka una mafaili matatu: Machafuko, Biashara na Barabara.

Sasa hapo ndipo kero yetu ilipoanzia. Mzee Tluway aliweka sharti lake mwenyewe, ambalo halimo katika mwongozo wowote wa serikali, kwamba faili la Konseli halisomwi peke yake. Ukiomba Barabara ya mwaka fulani, unaletewa na Machafuko na Biashara ya mwaka huo huo. Unayasaini yote matatu na kuyasoma yote matatu, na huondoki mezani mpaka umeandika kwenye kadi ya njano umekuta nini katika kila moja. Jamani! Mtu amekuja kutafuta tarehe moja tu ya kujengwa daraja, anatoka pale saa tisa mchana hajala. Mtafiti mmoja kutoka chuo kikuu alilia, kweli alilia, na Mzee Tluway akampa kitambaa cha kujifutia, kisha akamsogezea faili la tatu.

Tulilalamika kwa wakurugenzi watano. Bi. Mectilda wa mapokezi, ambaye ndiye aliyekuwa akibeba marundo hayo kutoka ghorofani, aliandika barua kuhusu mgongo wake. Mzee Tluway alimjibu kwa barua, kwa heshima zote, kwamba mgongo wake unamhuzunisha na kwamba kuanzia siku hiyo atabeba yeye. Akabeba miaka kumi na sita. Sharti halikubadilika hata nukta.

Na jinsi alivyokuwa akimsema huyo Konseli! Ungedhani ni ofisa mwenzetu aliyeko likizo. Asubuhi unamkuta amekasirika kabisa, chai imepoa, anakuambia Bwana Konseli ameandika tena kwamba wenyeji wa Mbulu ni wavivu kwa sababu hawakuja mnadani, wakati katika faili jingine ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba wiki hiyo mvua ilinyesha siku sita. Hivi huyu mtu hasomi anachokiandika? Ndivyo alivyouliza, na alitaka tumjibu. Sisi tulikuwa tunatafuta chaja ya simu.

Sasa niseme lile la Gendabi, maana bila hilo wasifu huu hauna maana yoyote.

Mwanzoni mwa mwaka jana kijiji kimoja cha Gendabi kilikuwa na mgogoro kuhusu mapito ya ng'ombe. Njia hiyo inapita katikati ya mashamba kwenda majini na kwenye josho, na familia kama arobaini za wafugaji hazina nyingine. Baadhi ya wakulima walitaka ifungwe. Kamati ya ardhi ya kijiji ilituandikia barua ikiuliza kumbukumbu za zamani zinasemaje kuhusu njia hiyo. Ilikuwa barua nzuri, yenye mhuri, na walitaka majibu ndani ya wiki mbili.

Wakati huo Mzee Tluway alikuwa msibani Endagikot. Mmoja wetu, kwa haraka zake na kwa kuchoka na fomu zile, alipanda ghorofani, akafungua faili moja tu, Machafuko ya mwaka 1931, akapiga picha kurasa mbili kwa simu na kulirudisha. Humo Konseli ameandika kwamba wachunga ng'ombe wa Gendabi waliziba barabara kwa miiba siku nne, wakiwa na mikuki, wakakataa kumpisha mtu. Basi. Jibu likaandikwa siku hiyo hiyo, na ndani yake ikawekwa sentensi hii: "Kumbukumbu zinaonesha kwamba jamii ya wafugaji wa eneo hili ina historia ya fujo tangu enzi za ukoloni."

Sentensi hiyo moja ilifanya kazi kubwa. Kamati iliisoma mkutanoni mara mbili. Wale waliotaka njia ifungwe wakapata nguvu, kwa kuwa sasa hata serikali imesema. Mzee Gidamis, mfugaji wa miaka zaidi ya sabini ambaye ng'ombe wa kwao wanapita hapo tangu baba yake hajaoa, aliambiwa mbele ya wajukuu zake kwamba ukoo wake ni wa watu wa vurugu na iko kwenye maandishi. Uamuzi wa kufunga njia ukapangiwa tarehe.

Mzee Tluway aliporudi kutoka msibani alikuta nakala ya jibu hilo kwenye faili la barua. Tulisubiri apige kelele. Aliisoma akiwa amesimama, akapanda ghorofani, akashuka na mafaili matatu ya mwaka 1931, akayaweka mezani pa aliyeandika, akakaa kiti cha pembeni kama mtu anayesubiri basi. Alikaa hapo mpaka yakasomwa yote.

Barabara ya mwaka 1931: Konseli anasema daraja la miti la korongo la Gendabi limeoza, na anashauri litengenezwe baada ya masika. Wiki mbili baadaye, faili lile lile, kwa mstari mmoja: "Lori limetumbukia korongoni, wenyeji wawili waliokuwa wakipita na mizigo wamekufa, shehena imeokolewa." Biashara ya mwaka 1931: mfanyabiashara anashukuru kwa kupata ngozi zake zote, na anaomba barabara ibaki wazi maana mnada unakaribia. Na siku mbili baada ya ombi hilo ndipo linapokuja Machafuko, miiba na mikuki na siku nne. Konseli aliyaandika yote matatu kwa kalamu moja, na hakuona. Na sisi, miaka tisini na zaidi baadaye, tulirudia kosa lake kwa simu yenye kamera nzuri.

Mzee Tluway hakuishia kwenye karatasi. Jumamosi alipanda bodaboda mpaka Gendabi. Kule alimkuta Mama Genoveva, mkulima wa miaka themanini na kitu, na ni mmoja wa waliotaka njia ifungwe. Alipomwuliza kuhusu korongo, Mama Genoveva alimwambia bila kusita kwamba bibi yake mzaa baba alifia hapo akiwa na mzigo wa mahindi, na kwamba waliokata miiba walikuwa ndugu zake pamoja na watu wa boma la kina Gidamis, kwa sababu huyo wa pili aliyekufa alikuwa wa kwao. Walisimama pale pamoja, mtu yeyote asije akavuka akafa. Hilo Mama Genoveva alilijua tangu utotoni. Hakujua tu kwamba ndizo fujo zinazosemwa kwenye barua.

Siku ya mkutano Mzee Tluway alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka thelathini na mitatu. Alitoa mafaili nje ya jengo. Lakini msidhani sharti lilimtoka! Alijaza fomu, vipengele vyote kumi na vinne, akasaini kama mwazimaji, akazunguka upande wa pili wa meza akasaini kama mwazimishaji, akamwita Bi. Mectilda awe shahidi. Mkurugenzi alikuwa kwenye gari anapiga honi. Tulichelewa dakika arobaini. Nilitamani kumfinya.

Kule mkutanoni alisoma mafaili matatu kwa utaratibu, neno kwa neno, juani, huku watu wakitaka afupishe. Hakufupisha. Alipomaliza, Mama Genoveva alinyanyuka, akataja jina la bibi yake na jina la yule mtu wa boma la Gidamis, akakaa. Kamati iliahirisha kwa nusu saa, ikarudi ikaamua njia ibaki wazi na ipimwe mipaka, wakulima na wafugaji wakiwapo. Mpaka leo ng'ombe wanapita.

Kwa rekodi ya jarida hili, Mzee Tluway anaacha mafaili elfu mbili na mia nne yaliyopangwa, katalogi tatu za mkono, kadi za njano zisizohesabika, na wafanyakazi vijana wanne waliofundishwa kunawa mikono kabla ya kugusa karatasi. Aliombwa aseme anataka zawadi gani. Akasema ghorofani kunavuja. Bati limebadilishwa. Anarudi Endagikot kwa mkewe, Mama Agatha, na kwa maharage yake, ambayo naamini atayapanda kwa mistari yenye namba.

Kuna jambo moja limenikera mwaka mzima, na nalisema hapa kwa sababu kuanzia Jumanne hatakuwapo wa kunikinga. Mkutanoni, Mzee Gidamis aliuliza ni nani hasa aliyeandika kwamba ukoo wake ni wa fujo. Aliuliza kwa upole kabisa. Mzee Tluway alijibu kwamba ofisi ilisoma faili moja badala ya matatu, na ofisi inaomba radhi. Mkurugenzi alipomwuliza baadaye, akajibu hivyo hivyo. Hajawahi kulitaja jina. Hata kwa mwenyewe hajawahi kulisema, anamsalimia kila asubuhi kama kawaida na kumwuliza watoto wameamkaje, na huo ndio ukatili wake mkubwa kuliko fomu zote.

Jina ni Didas. Mimi. Niliyepanda ghorofani wewe ukiwa msibani ni mimi, sentensi ile ni yangu, na nilikuwa nimeketi mstari wa pili mkutanoni wakati Mzee Gidamis anauliza, nikaangalia viatu vyangu.

Asante kwa miaka yote, Mzee wetu, pamoja na ile uliyotutesa. Upate afya, mvua ya kutosha na wajukuu wasumbufu. Nimeomba ruhusa ya kwenda Gendabi Jumatano kumwona Mzee Gidamis. Alishauliza swali, na anayepaswa kumjibu si ofisi.

Didas Rwechungura, Ofisa Utafiti