Lazaro Mkumbo, Mtoboa Masikio wa Ulemo

Wazee wetu, shikamooni. Tumekuja kumsindikiza Lazaro, mtu ambaye hakupenda kuharakishwa. Tusimulie habari zake polepole.

Marehemu alizaliwa Ulemo, Iramba, tarehe 12 Machi 1931, mtoto wa kwanza wa mzee Andrea Mkumbo na mama Dorika. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, na mwaka 1953 akaenda Kilimatinde kujifunza kazi ya maabara. Alirudi kama mwenye hadubini kichwani. Akitazama mtama ukipepetwa aliona chembe za damu zikielea, na ugali ulipoa mbele yake. Alipima damu hospitali ya misheni, na baadaye zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa.

Tarehe 18 Agosti 1963 alifunga ndoa na Felista. Mwaka uliofuata Felista aling'olewa jino, akatema damu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mama Dorika aliweka ungo chini.

"Damu isiyotaka kukauka haijaukubali mji wetu," alisema. "Mrudishe kwao kabla hujazaa naye."

Lazaro alimpenda mkewe, lakini pia alimwogopa mama yake. Aliomba apewe muda hadi mavuno.

Basi, ili ajue damu ya wengine hukauka baada ya muda gani, kila Jumapili baada ya ibada watu wazima wenye afya njema walijipanga nje ya kanisa. Aliwachoma sindano ndogo kwenye ndewe ya sikio, akagusisha karatasi ya kukaushia wino kila nusu dakika, akahesabu madoa mpaka damu ikome. Kisha aliandika kundi la damu la kila mmoja. Walimtania kwa jina la Mtoboa Masikio, naye alicheka nao huku macho yake yakiwa mbali. Baada ya masikio mia mbili aliona jambo: wenye kundi O, ingawa wazima kabisa, wengi wao walichelewa kidogo kukauka kuliko wa A na B. Daktari alimweleza kuwa viini vya kugandisha damu huwa vichache kidogo kwao. Felista alikuwa O.

Sikio la mwisho lilikuwa la mama yake. Madoa yalifika tisa, kama ya wale wanaochelewa.

"Mama, na wewe ni O," alisema taratibu. "Umekaa mji huu miaka thelathini na minne. Nikurudishe kwenu?"

Mama Dorika alichukua ungo wake. Kisha akaita, "Felista mwanangu, njoo tupepete mtama."

Mwezi Mei mwaka huu, 1976, Lazaro alianguka na baiskeli, akalazwa wiki tatu. Mguu wa kushoto ulivimba, na bonge la damu likapanda hadi mapafuni. Yeye alikuwa kundi A.

"Damu yako inachelewa, yangu ina haraka," alimwambia mkewe akitabasamu. "Nisamehe kwa kutangulia." Alifariki tarehe 3 Juni.

Ameacha mama yake Dorika, mjane Felista, na watoto wanne: Urbano, Klara, Marko na Selina.

Jana, akikata kitambaa cha sanda, Felista alijikata kidole. Mama Dorika alikishika, wakakaa pamoja mpaka damu ilipokauka.

Lala kwa amani, Lazaro. Hakuna anayekuharakisha.