Mzaramo Aliyeunganisha Boti kwa Utani

Tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Ofisa Mteule Mfaume Mwinshehe anavua magwanda na kurudi kwake Chang'ombe. Majirani, poleni mapema.

Alianza kama mpiga redio wa boti za doria, kwa sauti iliyofanya redio yenyewe ionekane pambo tu. Kompyuta zilipoletwa, sie tulidhani atanuna. Wapi! Ndiye aliyewabembeleza wakuu ziunganishwe kwa mtandao mmoja katika kila boti, moja ikimwona adui zote zimwone papo hapo, kuliko habari kupitishwa redioni kinywa kwa kinywa mpaka ngalawa inageuka manowari.

Wakuu walimpa zoezi moja tu la majaribio. Mtandao usipotumika, mashine zing'olewe na chumba chetu cha mawasiliano kivunjwe, kila mtu atafute pa kwenda.

Siku ikafika. Amri zikatumwa kwenye skrini za boti zote. Kimya! Mabaharia wameng'ang'ania redio zao kama kawaida. Kwa hasira, Mzee Mfaume akamwandikia mtani wake, Sajenti Gaspar wa boti ya tatu: "Mnyamwezi we, ukizama usinichafulie bahari ya babu zangu!" Alidhani inakwenda kwa Gaspar peke yake. Loo! Ikatua kwenye kila skrini, na ya Mkuu wa zoezi ikiwemo.

Gaspar alipasuka kwa kicheko redioni. Wenzake, kwa umbea, wakageukia skrini kuona kuna nini. Majibu yakamiminika: "Bahari mlishatuuzia kwa kibaba cha ufuta!" Wakiwa hapo hapo wakazisoma na amri, na boti iliyojifanya adui ikazingirwa kabla haijajua imeonwa na nani.

Chumbani kwetu hakuna aliyeshangilia. Kumtumia Mkuu matusi katikati ya zoezi! Mzee Mfaume alikwishavaa kofia akisubiri kuitwa, na mie machozi yalinilenga.

Tulichosahau ni kwamba Mkuu naye ni Mnyamwezi wa Tabora, na mtani hanuniwi. Skrini zote zikaandika: "Mzaramo, bahari nimekunyang'anya leo. Mashine zibaki, na watu wako wabaki. Wewe nakuachia ufukwe, ukauze madafu."

Mzee alisoma, akavua kofia, akalia mbele yetu bila aibu.

Ahsante, Mzee Mfaume. Tupo kazini leo kwa sababu yako. Wewe na mkeo Bi Munira Mungu awape afya, raha na usingizi mnono. Ustaafu wenye heri, na madafu tutakuja kununua.