Asubuhi Maziwa Yalipofika Kimya

Bwana ni mwema, wapendwa, na mimi ni shahidi. Pasta amenipa muda mfupi na amenionya nisiugeuze kuwa mrefu, kwa hivyo mkiona nimenyamaza katikati msidhani nimesahau. Nipeni nafasi nimeze mate, nitaendelea.

Kwa wale wageni, mimi ni mke wa yule anayewaletea maziwa hapa Nyalenda, mnayemwita Jachak, yaani mtu wa maziwa. Ameketi pale nyuma karibu na mlango, anatazama viatu vyake. Nilimwomba ruhusa jana, akaniambia, "Sema, lakini usinitaje sana." Sasa, ndugu zangu, nitamtajaje kidogo na ushuhuda wenyewe ni yeye?

Zamani mlikuwa mnaniita Mama Akinyi. Akinyi alikuwa kifungua mimba wetu, na kama jina lake linavyosema, alizaliwa asubuhi, na asubuhi ilikuwa yake kweli. Siku ambazo hakuna shule baba yake alimkalisha mbele kwenye tangi la pikipiki, katikati ya mikono yake, wakazunguka mitaa pamoja na mitungi ya maziwa. Mtoto alikuwa na kilio chake alichokitunga mwenyewe. Aliita, "Chak osebiro, toeni sufuria!" Maziwa yamefika, toeni sufuria. Kina mama walitoka wakicheka, hata wale ambao hawakuwa na mpango wa kununua.

Na siku ambazo Akinyi hayuko, pikipiki yenyewe iliita. Mnaikumbuka. Ekzosi ilikuwa imepasuka, ikawa inakohoa kwanza ndipo inanguruma. Hapa mjini pikipiki hupita kama nzi, lakini Akinyi alijua ya baba yake ikiwa bado iko kule kwenye kona. Aliacha uji, akatoka mbio. Hakuwahi kukosea hata mara moja.

Halafu malaria ikampanda kichwani, akatuacha. Tulimzika nyumbani kwetu Nyakach, upande wa Katito, kando ya nyumba yetu. Hapo sina maneno mengi. Wenye kujua wanajua, na ambaye hajui namwombea asijue kamwe.

Tuliporudi mjini watu wakaanza kuniita Mama Ochieng, kwa jina la mdogo wake. Walifanya hivyo kwa huruma, hakuna aliyetaka kunitonesha kidonda, na sikuwalaumu. Lakini kila nikiitwa hivyo niliona kama anazikwa tena.

Mume wangu naye akanyamaza. Huyu mtu, ndugu zangu, alikuwa na maneno. Alikuwa akiutania hata ugali wangu, ananiuliza kama umeiva au anipe muda nitubu. Sasa akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana". Aliamka alfajiri, akaenda Sondu kuchukua maziwa kwa mama mmoja Mkipsigis anaitwa Mama Chebet, akarudi, akagawa, akaosha mitungi, akakaa. Hakulia siku ya mazishi, na hakulia baadaye. Mimi nililia kwa zamu yangu na kwa zamu yake.

Ndipo mafuta yakaanza kupanda. Mnajua wenyewe, kila katikati ya mwezi redio inafunguliwa kusikia bei mpya na watu wote wa boda wanashika vichwa. Sondu si karibu. Kwenda na kurudi kila siku, na pikipiki mzee yenye kiu, kulifanya faida ya maziwa iishie ndani ya tangi. Ikafika mahali anajaza mafuta kwa chupa ya soda, ile ya kando ya barabara, na anaiangalia ile chupa kama dawa ya mtoto. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu ashushe bei. Nawaambia ukweli wa Mungu, hakushusha. Alikuwa na shughuli nyingine nyumbani kwangu.

Mama Chebet alinipigia simu. Akaniambia kuna gari la maziwa linatoka Sondu kila alfajiri kuja Kisumu, na lina nafasi. Mitungi yetu ingeweza kupandishwa hapo, Baba Ochieng aipokee hapa mjini na kugawa tu. Na kwa kugawa tu, si lazima petroli. Kuna hizi pikipiki za betri, unazunguka, ikiisha unapita kituoni unabadilisha betri, unaendelea. Niliona mlango umefunguka. Nilipika samaki siku hiyo, nikamngoja ashibe, nikamweleza.

Akakataa.

"Mama Ochieng, wacha hiyo maneno. Sondu nitaenda mwenyewe."

"Lakini maziwa itakuja hapa hapa. Utakuwa unachoma mafuta ya nini?"

"Nimesema nitaenda."

Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu akikataa kwa hasira unajua pa kushika. Yeye alikataa taratibu, akainuka, akaenda kuipangusa ile pikipiki kwa kitambaa. Nikajua tunaenda kufunga biashara, na karo ya Ochieng sijui itatoka wapi, na mume wangu anayaona hayo na hawezi kuacha.

Mwezi huo mama mkwe aliugua mgongo, nikaenda Katito kumsaidia kupalilia. Nilipoingia bomani nikaona kaburi la Akinyi limefagiwa safi, hakuna hata jani. Na kutoka langoni mpaka hapo kaburini kulikuwa na njia ya tairi, ile ambayo imepitwa mpaka nyasi zimekata tamaa. Nikamuuliza mama mkwe ni nani anakuja.

"Kwani hakuambiangi?" akasema. "Anapitanga hapa kila asubuhi akienda Sondu. Anaegesha hapo, anakaa chini. Na haizimi hiyo pikipiki. Nilimwambia, mtoto wangu, zima, mafuta ni ghali. Akaniambia, Mama, nikizima atajuaje ni mimi?"

Ndugu zangu, niliacha jembe hapo hapo shambani. Sikujua nicheke au nilie kwa vile nilivyokuwa nimepiga hesabu za petroli huku mume wangu akiwa na hesabu nyingine kabisa. Ile ekzosi mbovu ndiyo sauti ambayo mtoto wetu alikuwa akimjulia baba yake. Ndiyo maana hakuitengeneza miaka yote, na ndiyo maana hakutaka kusikia habari ya betri. Kumwambia aache kwenda Sondu kulikuwa kumwambia aache kumsalimia mtoto wake.

Sikumwambia kwamba najua. Nilirudi mjini jioni ile ile, na asubuhi iliyofuata nikamwambia nataka kwenda naye kuona mama anaendeleaje. Akasogeza mitungi, nikapanda nyuma. Tulipofika Katito hakunificha. Aliingia langoni, akapita ile njia yake, akasimamisha pikipiki pale, ikawa inakohoa na kunguruma. Akakaa chini. Nami nikakaa kando yake, tukaacha mabega yaguse.

Tukiwa hapo pikipiki ikakohoa mara moja kwa nguvu, ikakohoa tena kidogo, ikazima.

Mafuta yaliisha. Ile chupa ya soda haikutosha watu wawili. Akaruka akaipiga kiki, akapiga tena, akaiinamisha upande ili yale matone ya mwisho yateremke, akapiga mpaka jasho likamtoka na asubuhi ilikuwa ya baridi. Haikuitika. Nikasikia kuku wa jirani, nikasikia mama mkwe akikohoa jikoni. Mume wangu akaiachilia pikipiki ikaegemea ukuta, akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto:

"Sasa atajuaje ni mimi?"

Sikuwa nimejiandaa. Mimi si mhubiri, na aya zote nilizokariri zilinikimbia. Roho Mtakatifu alinipa sentensi moja tu. Nikamwambia, "Baba Akinyi," na tangu mazishi sikuwa nimemwita hivyo, "mtoto hakuwa anakimbilia pikipiki. Alikuwa anakimbilia wewe. Hiyo pikipiki ilikuwa inakuleta tu."

Hapo ndipo alilia. Alilia akiwa amelala chini kando ya mtoto wake, na mimi nilimshika mgongo bila kulia, kwa sababu hii sasa ilikuwa zamu yake mwenyewe. Mama mkwe alikuja na chai, akaona, akaiweka chini, akakaa nasi mpaka ikapoa. Hakuna aliyeinywa na hakuna aliyejuta.

Tuliiuza ile pikipiki, tukaongeza na akiba ya chama changu cha kina mama, tukapata hii ya betri. Mitungi ikaanza kuja na gari la Sondu. Nikasema sasa Bwana amemaliza. Kumbe alikuwa anavuta pumzi.

Maana kulikuwa na jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Kitu cha betri hakina sauti. Kinapita kama paka. Mume wangu alizunguka asubuhi ya kwanza kuanzia huku mpaka Dunga, akarudi na mitungi karibu yote imejaa. Kina mama walikuwa ndani na sufuria mkononi wakingoja mngurumo. Wakanifuata nyumbani kunilaumu: "Jachak leo amelala? Watoto wamekunywa chai ya rangi." Nikawaambia amepita. Hawakuniamini.

Akajaribu honi. Lakini honi yake ni kama ya kila boda, watu wakadhani ni mtu anatafuta abiria. Maziwa yakabaki, yakalala, yakaganda, yakawa mala. Tulikula ugali kwa mala, tukala mala kwa viazi, nikawapelekea majirani mala mpaka wakaanza kunikwepa. Mume wangu akaanza kuulizia ile pikipiki ya zamani iko wapi siku hizi.

"Si uite tu," nilimwambia. "Mdomo haununuliwi kituoni."

"Nitaita nini?"

Sisi wote wawili tulijua. Mtaa huu ulikuwa na wito mmoja tu wa maziwa, na mwenyewe hayuko. Kuita mwingine ilikuwa ni kama kumfuta, na kuita ule ule hakuthubutu. Nikarudi magotini. Safari hii sikutaja bei ya chochote. Nilisema, "Bwana, mfungue mume wangu kinywa," nikalala.

Haikuwa kesho yake. Zilipita asubuhi kadhaa za mala. Halafu siku moja nikiwa kwenye laini ya maji, pale bombani, na kina mama wengine na mitungi yetu ya manjano, nikasikia kitu kutoka kwenye kona. Ilikuwa sauti ya chini, imekwaruza, kama ya mtu anayesoma kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

"Chak osebiro. Toeni sufuria."

Maji yalikuwa yanajaa kwenye mtungi wa mtu, yakamwagika, na hakuna aliyefunga bomba. Kisha akaita tena, na mara hii iliinuka. Ilikuwa na ile sauti ya kuvuta mwishoni, kama alivyokuwa akivuta yeye. Alimwiga mtoto wake neno kwa neno.

Milango ikaanza kufunguka. Kina mama wakatoka na sufuria, na wale waliokuwa kwenye laini wakakimbia kuchukua zao. Mimi nilibaki na mtungi wangu. Mama Nekesa, jirani yangu kutoka Bungoma, ndiye alikuwa nyuma yangu. Akauchukua mtungi wangu mkononi.

"Mama Akinyi," akaniambia, "maziwa yamefika. Nitakushikia laini. Enda umlaki."

Aliniita hivyo. Hakuambiwa na mtu. Nikaenda mbio kama alivyokuwa akienda mtoto, na leso ikanidondoka njiani.

Siku hizi mnamsikia wenyewe. Mitungi inarudi mitupu. Hakuna moshi tena kwenye nguo zake nikizifua, na redio ikitangaza bei mpya ya mafuta sisi tunaendelea kunywa chai. Ochieng yuko shuleni. Na ugali wangu umeanza kutaniwa tena, jambo ambalo nilimwomba Mungu bila kujua ninaomba nini.

Katito bado tunaenda, lakini si kila siku. Juzi Jumamosi tulienda wote watatu na pikipiki yetu ya kimya. Nilikuwa na wasiwasi kidogo atafanyaje akifika. Alisimama langoni, akavua kofia, akaita kwa sauti yote Mungu aliyompa: "Chak osebiro, toeni sufuria!" Najua, Pasta, utanifundisha kwamba marehemu hawasikii, na nitakaa nifundishike. Lakini mama mkwe alisikia. Alitoka jikoni na mgongo wake mbaya, sufuria mkononi, machozi yanamtoka na anacheka.

Kwa hivyo, ndugu zangu, sitasema mengi. Inawezekana na wewe umeshika kitu kinachokumaliza, kinachonguruma mchana kutwa na kukula mpaka senti ya mwisho, na hutaki kukizima kwa sababu unaogopa kile kimya kitakachofuata. Mimi nilikaa ndani ya kimya hicho. Bwana alikuwa humo, ametutangulia. Mwamini, ukizime. Atakupa sauti nyingine, na wanaokupenda wataijua.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama mkwe, na namshukuru yule pale nyuma ambaye nimemtaja sana. Kesho asubuhi mkimsikia, tokeni. Na mimi, kuanzia leo, msiniogopee tena. Niiteni Mama Akinyi.