Bi. Muriel Hogben Anahamia Upande wa Benchi

Jumamosi, tarehe 27 Septemba 2025, Bi. Muriel Hogben atavua aproni yake ya kijani na kustaafu rasmi, baada ya kuyatunza mapipa ya baa yetu ndogo ya Kifungo cha Akiba, hapa Reedsgate, kwa miaka kumi na sita. Clive Stickells, mwenye baa, ameniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya karatasi ya sherehe, akanionya nisitie chumvi nyingi. Nimemwahidi nitajitahidi.

Kuna jambo ni heri lisemwe mapema. Bi. Muriel ametangaza kwamba akishatoka hatakanyaga tena hapa. Hajagombana na mtu. Ana sababu yake, na nitaieleza, lakini mjue kwamba wasifu huu umeandikwa kumshukuru na kumbembeleza kwa wakati mmoja. Utawekwa juu ya kila kiti, kwa hiyo hana pa kukwepea.

Bi. Muriel alizaliwa Faversham, na kila vuli ya utoto wake alikwenda mashambani na mama yake kuchuma hopsi, yale maua machungu yanayotia bia ladha, mpaka vidole vikawa vyeusi na vichungu. Akafanya kazi jikoni katika shule ya msingi, ambako inasemekana hakuna mtoto aliyewahi kuacha karoti kwenye sahani yeye akiwa zamuni. Baadaye akaajiriwa katika hoteli moja kubwa ya ufukweni, na huko ndiko alikofundishwa mapipa na mzee mmoja aliyeitwa Ernest Wraight.

Mzee Ernest alimfundisha vizuri, na akastaafu. Tatizo ni kwamba alistaafu bila kuondoka. Kila siku alikaa kwenye pembe ya kaunta, akanusa glasi yake, akatoa mlio wa ulimi, akatazama dari. Hakusema neno. Bi. Muriel alivumilia mwaka mzima, kisha akaacha kazi. Ninaambiwa aliondoka huku akilia, jambo ambalo sisi tunaomjua tunashindwa kulipatia picha akilini. Siku hiyo alijiapia kwamba zamu yake ya kustaafu ikifika, hatamfanyia mwenzake hivyo.

Bahati yetu ilianzia kwenye machozi yale. Mwaka 2009 Clive alikuwa amekodi duka la fundi cherehani aliyekuwa amefariki. Kaunta yetu ndiyo ile meza ya kukatia vitambaa, na ukitazama vizuri utaona alama za mkasi. Clive alikuwa na chumba kimoja, mabenchi mawili yanayotazamana, chumba cha baridi chenye kioo huko nyuma, na hakuwa na habari yoyote kuhusu mapipa. Bi. Muriel aliingia kuuliza kama kuna choo. Akaona pipa limelazwa juu ya kichanja na Clive analitikisa asikie kama limejaa.

"Acha hilo pipa," alimwambia. "Ulimlea nani wewe, kwa kumtikisa?"

Akavua koti. Tangu siku hiyo koti hilo linaning'inia kwenye msumari wa pili, na hakuna mwingine anayeutumia.

Mimi nilifika miaka mitatu baadaye, nikiwa mteja. Nilikuwa tarishi, nimestaafu majira ya kuchipua, na mke wangu Beryl alikuwa amefariki wakati wa kiangazi. Nilitafuta mahali pa kukaa peke yangu na nisiangaliwe. Niliomba bia baridi ya lager. "Hatuna, mpenzi." Niliuliza kama kuna televisheni. "Hatuna." Simu yangu ikalia. Alinyoosha kidole kwenye kisanduku cha mchango wa mashua za uokoaji, nikatumbukiza faini ya simu iliyolia huku chumba kizima kikinishangilia. Nikatazama huku na huku nione meza ya pembeni, na hapa petu meza ya pembeni haipo.

"Sogeeni kidogo, watu wangu," aliwaambia waliokuwa kwenye benchi. "Huyu anakaa na nyie."

"Sitaki kuwasumbua," nilisema.

"Wamezoea kusumbuliwa. Kaa."

Wakasogea. Yule wa kushoto alikuwa na mbwa, yule wa kulia alikuwa na yai lililolowekwa kwenye siki mdomoni, na wote wawili walikuwa wakibishana kuhusu uzio wa jirani. Kabla sijamaliza glasi yangu ya nusu painti nilikuwa nimeulizwa msimamo wangu. Nilirudi nyumbani nimechelewa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi sikuhitaji kuwasha redio ili nyumba isinyamaze. Nilimshukuru Bi. Muriel miaka mingi baadaye, akaniambia nimsaidie kufuta meza. Ndivyo nilivyopata zamu ya Jumapili.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Kuna wanaodhani bia ya pipa hufungwa bomba na kumiminwa. Bia hii huja ikiwa hai, hamira bado imo ndani, na safari ya gari huivuruga. Ikifika, Bi. Muriel hulilaza pipa kwenye kichanja, hulifunika kwa gunia lenye unyevu, huning'iniza kibao chenye jina la bia hiyo kikiwa kimegeuzwa ukutani, na kuanzia hapo haruhusu mtu aliguse kwa siku tatu. Haruhusu kulisukuma, kuliegemea, wala kulipangusa vumbi. Clive aliwahi kuweka kikombe cha chai juu yake, na kikombe kile hatujakiona tena. Siku tatu zikipita, anajaza glasi, anaiinua kwenye taa na kutazama kama anaweza kusoma kalenda iliyo upande wa pili. Akiisoma, anakigeuza kibao kitazame watu.

Ndiyo maana mji huu hausahau Agosti ile ya mashine. Ilikuwa wikendi ya sikukuu, siku kubwa kuliko zote kwetu, na mapipa yote yalikuwa tayari. Ijumaa jioni wakaja mafundi wa barabara na mashine ya kushindilia lami, wakaipitisha mbele ya mlango wetu mpaka glasi zikacheza rafuni. Jumamosi asubuhi Bi. Muriel alijaribu pipa la kwanza, kalenda haikuonekana. Akajaribu la pili. Alipofika la mwisho, mashapo yote yalikuwa yamepanda juu, na nje foleni ilikuwa imefika kwa muuza samaki.

Clive alimsihi. "Muriel, ni ukungu kidogo tu. Haitamdhuru mtu."

"Haitamdhuru. Ila si bia, ni supu."

"Wametoka mbali. Hawatajua."

"Mimi nitajua, na wewe utajua, na Howard hapa hawezi kutunza siri." Howard ni mimi, na alisema kweli.

"Utanifilisi, mwanamke wewe."

"Basi nitakufilisi na glasi safi."

Akavigeuza vibao vyote ukutani, kimoja baada ya kingine, akafungua mlango na kuwaambia watu ukweli. Palikuwa na chai, pai baridi, na mvinyo wa matufaha anaoutengeneza Bwana Jarvis, ambao hutolewa kwa nusu painti tu kwa sababu ukinywa painti nzima unaweza kumposa mtu usiyemjua. Tulitegemea waondoke. Wachache waliondoka, wengine wakaingia na kusogeleana. Mama mmoja kutoka Leeds alimenya viazi pamoja nasi. Mtu fulani akaleta pasti, zile kama sambusa kubwa za kuoka, kutoka kwa mwokaji. Nimefanya kazi sikukuu nyingi hapa, na ile ndiyo ninayoipenda zaidi. Jumanne tulipovigeuza vibao, nusu ya watu wale walikuwa wamerudi, akiwemo mama wa Leeds, ambaye alikuwa ameahirisha treni yake. Clive alikwenda chumba cha baridi na kukaa huko muda mrefu. Alisema anapanga glasi.

Katika miaka yake Bi. Muriel amepatanisha majirani wa ule uzio, amesababisha ndoa mbili kwa kuwaketisha watu karibu, na amewafukuza wateja wawili tu, mmoja wao kwa kumwita mbwa mnene. Ana ukali, hatukatai. Lakini sijawahi kumwona mtu akiingia peke yake na kutoka peke yake wakati Bi. Muriel yupo zamuni.

Magoti ndiyo yaliyomshinda. Pipa halibebeki kwa nia njema tu. Kwa miezi kumi sasa amekuwa akimfundisha Tamsin Goldup, mama wa watoto wawili aliyekuwa dereva wa basi, mwenye mabega ya kazi na pua hodari ya kunusa. Tamsin anaiweza kazi, na Bi. Muriel ndiye aliyesema hivyo, mbele ya mashahidi.

Juzi tulimkalisha chini kuhusu hilo la kutorudi. Akatusimulia habari za Mzee Ernest kama ninyi mlivyozisoma.

"Sitaki Tamsin aone uso wangu kila akiinua glasi," alisema. "Mnajua jinsi uso wangu ulivyo."

Tamsin alikuwa anaosha mabomba, hakugeuka. "Yule mzee alinyamaza, Muriel. Wewe umewahi kunyamaza?"

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa lilikuwa swali la haki.

"Bia yangu ikiwa mbovu," Tamsin akaendelea, "nataka uniambie ni mbovu. Ikiwa nzuri, nataka uinywe. Usipokuja nitadhani zote ni mbovu. Nitakuwa nageuza vibao mpaka Clive alie."

Bi. Muriel alisema atafikiri. Kisha akaenda kufuta meza iliyokuwa safi.

Kwa hiyo, Muriel, haya ndiyo tuliyokubaliana ukiwa umetoka. Jumamosi, hotuba zikiisha, Tamsin atalaza pipa jipya kwenye kichanja peke yake, na wewe utavaa koti lako uende nyumbani. Umebebwa miaka kumi na sita, umetikiswa na sisi wote, na tunajua kwamba kitu kilichotoka safarini, kama pipa, huachwa kwanza kitulie. Kwa siku tatu hakuna atakayekupigia simu, kukuletea keki, wala kukuuliza ufunguo wa ghala uko wapi. Lia ukitaka. Lala ukitaka. Hatutakugusa.

Jumatano saa sita mchana Tamsin atajaza glasi ya kwanza na kuiweka mezani bila kuitazama kwenye taa. Kazi hiyo tumekuachia wewe, ukiwa upande ule wa benchi ambao hujawahi kuukalia hata siku moja. Kalenda tumeihamisha ili uione kutoka hapo.

Asante kwa kila glasi safi, na zaidi kwa zile ulizokataa kutumiminia. Mimi binafsi nakushukuru kwa jioni ile ambayo sikuwasha redio. Tunakuombea magoti mepesi, usingizi mrefu na miaka mingi yenye watu ndani yake. Msumari wa pili ni wako. Na kwenye benchi la kushoto, kati yangu na mbwa, tumeshasogea.

Howard Fagg, zamu ya Jumapili