Bwana Tochi: Miaka Thelathini na Mmoja Bila Kuuona Mwisho

Tarehe 30 Juni, Bwana Tochi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika jumba letu la sinema. Muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, na mpaka leo anailaumu saa ya ukutani.

Kazi yake ilikuwa kuchana tiketi, kuwamulikia waliochelewa na, dakika kumi kabla ya filamu kwisha, kutoka nje kufungua milango ya nyuma. Wateja, hata hivyo, walifuata ubao wake. Aliutundika kando ya dirisha langu la tiketi, na kila filamu mpya aliihukumu kwa chaki. Ya mapigano: "Majambazi wamepiga risasi mia, hawajampata mtu. Warudi mafunzoni." Ya mapenzi: "Kila wakigombana mvua inanyesha. Wangenunuliwa mwavuli, tungewahi kulala." Ya mizimu: "Wamesikia kelele ghalani, wakaenda kutazama. Wamejitakia." Meneja alipomwagiza aandike sifa tu, alitii papo hapo: "Viti vimefutwa vumbi."

Lakini hukumu moja ilirudi kila wiki: "Mwisho, wote wamepona. Watunzi waoga." Watu waliotoka wakimlilia shujaa aliyekufa walisimama mbele ya ubao na kukuna vichwa. Mimi nilidhani huo ndio uhakiki wenyewe. Kumbe mwenzetu, kwa sababu ya ile milango, hajawahi kuona filamu hata moja ikiisha. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alikaa safu ya nyuma kila Ijumaa, na wakirudi nyumbani alimsimulia yaliyobaki.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, aliomba kitu kimoja: auone mwisho kwa macho yake. Alichagua filamu ya zamani ya dereva wa treni, ambayo aliwahi kuiandikia: "Breki zimekatika, hakuna hata aliyechubuka. Aibu." Mkewe alisihi tumpe blanketi badala yake. Hatukumwelewa.

Ijumaa iliyopita milango nilifungua mimi. Zilipobaki dakika kumi Bwana Tochi aliinuka kwa mazoea, fundi mitambo akamshika bega na kumkalisha. Taa zilipowaka alikuwa analia waziwazi, na mkewe amekumbatia mkoba, macho sakafuni.

"Amekufa," alisema. "Mama watoto, si uliniambia alifungua duka la maua?"

"Ungelia njia nzima, baba watoto. Kwani mimi sikujui?"

Akaanza kuwaulizia mashujaa wengine mmoja mmoja. Yule daktari wa vitani? Alikufa. Bibi harusi wa kwenye mvua? Naye pia. Marehemu wa miaka thelathini na mmoja walizikwa palepale kati ya viti, na mimi nilimwonea huruma sana.

"Na yule mbwa wa mlimani?"

Mkewe alifikiri kidogo. "Mbwa alipona."

Filamu hiyo nimeitazama mara mbili, na mara zote mbili nilitoka leso imelowa. Bwana Tochi alipumua, akamshika mkewe mkono, wakatoka.

Bwana Tochi, asante kwa kutuchekesha na kwa kutumulikia njia. Sisi wenzako tunakuombea afya, usingizi wa mchana na Ijumaa nyingi ukiwa umekaa na mama watoto. Na kwa niaba ya wafanyakazi wote, dirisha la tiketi linathibitisha kwa maandishi: mbwa ni mzima.